Maji ya Tana na umeme wa saa moja jioni

Kila mara mjadala wa nishati jadidifu unapozuka hapa Nairobi, iwe kwenye makongamano ya mahotelini au katika mazungumzo ya watu waliochoshwa na stima kupotea, umeme wa maji husimamishwa kizimbani na kuulizwa swali moja tu: ni safi au si safi? Wanaoutetea husema kwamba hauchomi mafuta, nao wanaoupinga hutaja vijiji vilivyozamishwa, mito iliyodhibitiwa na ukame unaorudi kila baada ya miaka michache. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na naona kwamba swali hilo halitusaidii sana sisi tunaotegemea gridi ya Kenya. La kuuliza ni maji hayo ni ya nani, na yanafaa kupitishwa kwenye mitambo saa ngapi. Ili nieleweke itabidi nianzie mbali kidogo, kwenye Mto Tana.

Mto Tana unapoteremka kutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua kuelekea nyanda kavu za Mbeere na Ukambani, hukutana na mabwawa matano yaliyofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kwa pamoja huitwa Seven Forks, na mitambo yake ina uwezo wa karibu megawati 600. La kwanza kukamilika lilikuwa Kindaruma mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Anayepitisha macho kwenye orodha ya uwezo wa mitambo huenda akalidharau bwawa la Masinga, kwa kuwa mitambo yake ni ya megawati 40 pekee ilhali ile ya Gitaru ni ya megawati 225. Lakini Masinga ndiyo akiba ya mabwawa yote yanayofuata. Likijaa, bwawa hilo hubeba takriban mita za ujazo bilioni 1.5, wakati Gitaru, pamoja na ukubwa wa mitambo yake, haina mahali pa kuweka maji mengi; hupokea yanayofunguliwa juu na kuyapitisha. Maji yaleyale huzungusha mitambo ya Masinga, kisha ya Kamburu, kisha ya Gitaru, na kadhalika, mara tano, ndipo yaachwe yaendelee kuelekea Garissa. Ndiyo maana kila ukame unapoingia, taarifa za habari hazituelezi kina cha Gitaru wala cha Kiambere bali cha Masinga, ambacho kikijaa huwa mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari.

Kutoka kwenye kina hicho hadi mahali maji yanapotokea chini ya Kiambere ni mteremko wa karibu mita 500. Kwa hesabu ya fizikia ya shule ya sekondari, mita moja ya ujazo ya maji, yaani lita 1,000, ikishuka mteremko huo na kupitia mitambo yote mitano, hutoa takriban uniti moja ya umeme, yaani kilowati moja kwa saa nzima. Uniti moja, ileile tunayonunua kwa tokeni. Kwa mkazi wa Nairobi, hiyo ni mitungi 50 ya lita 20. Anayeoga kwa shawa ya umeme ya kilowati 5 kwa dakika kumi hutumia karibu uniti 0.8, kwa hiyo wakati lita thelathini au arobaini zinamwagika mwilini mwake, kama umeme huo unatoka Tana, lita 800 zinashuka kule Seven Forks ili yeye aoge maji moto. Nikaendelea kupiga hesabu. Mifereji ikikauka, mtungi mmoja unaoletwa kwa mkokoteni mtaani hauuzwi chini ya shilingi 20. Basi mitungi 50 ni shilingi 1,000, na maji hayohayo yangetoa umeme ambao hata kwa bei ya nyumbani haufiki shilingi 40.

Ulinganisho huo si wa kuchekesha tu, kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bonde hilohilo la Tana. Bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lenye mita za ujazo milioni 70, lipo kwenye Mto Thika, na Sasumua iko upande wa Mto Chania, na mito yote miwili ni matawi ya Tana. Handaki la kilomita karibu 12 lililochimbwa Murang'a ili kuchukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka Ndakaini limeongeza sehemu hiyo. Tukishayatumia, maji hayo hayarudi Tana. Hutoka kwa mabomba ya majitaka hadi Mto Nairobi, yakaingia Athi, yakamwagikia baharini karibu na Malindi. Jiji linalotumia kiasi cha mita za ujazo nusu milioni kwa siku linakuwa limeondoa katika mabwawa ya umeme maji ambayo, kama yote yangetoka Tana, yangetoa uniti nusu milioni kila siku, sawa na mtambo wa megawati 20 unaofanya kazi mchana na usiku. Silalamiki, kunywa kunatangulia. Nataka tu ionekane kwamba tunaposema umeme wa maji ni wa bure kwa kuwa mvua haiuzwi, tunasahau kwamba tone lilelile lina wadai wengi.

Mwenye kinyozi wa jengo letu aliniuliza swali moja wakati wa mvua za mwaka 2024, huku mashine ikiwa mkononi: "Mkubwa, mvua yote hii, Masinga inamwagika, mbona stima haishuki bei?" Lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuyasikia kwenye makongamano. Jibu ni kwamba bili ina sehemu zinazosogea na mvua na nyingine zisizosogea. Mvua ikikosekana, mitambo ya mafuta mazito ya Mombasa, Thika na Athi River huwashwa, na gharama ya mafuta hupanda kwenye tokeni kila mwezi. Mvua ikinyesha, sehemu hiyo hupungua. Lakini malipo ya kuiweka mitambo ya watu binafsi tayari, iwe imezunguka au haikuzunguka, yamo katika mikataba ya miaka mingi, na mengi kati ya hayo hulipwa kwa dola. Mvua haiwezi kugusa hayo. Nilimweleza hivyo, akanyoa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba basi Masinga ni ya kutuumiza tu ikikauka. Hakuwa mbali na ukweli.

Kukauka kwenyewe tumekuona. Ukame wa mwisho wa miaka ya 1990 uliishia katika mgao wa umeme wa mwaka 2000, nchi ikakodi jenereta za dharura za dizeli, na viwanda vikapangiwa saa. Mwaka 2009 mitambo ya Masinga ilizimwa kwa sababu kina kilikuwa kimeshuka mno. Wakati huo taifa lilitegemea maji kuliko chanzo kingine chochote. Zambia, ambayo zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake ni wa maji, ilipata funzo hilo kwa uchungu zaidi mwaka 2024: El Niño iliiba mvua, bwawa la Kariba likabaki na maji haba ya kutumika, na watu wa Lusaka wakakaa sehemu kubwa ya siku bila umeme. Kariba lilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, Watonga wapatao 57,000 walihamishwa kutoka kingo za Zambezi. Kuhamishwa kwa ajili ya umeme, kisha umeme wenyewe usiwepo, ni jambo ambalo hesabu za gharama na faida haziwezi kulieleza vizuri.

Kenya ya leo imeponea sehemu ya hatari hiyo kwa kuwa iligeukia mvuke wa ardhini. Olkaria, karibu na Naivasha, ndiyo inayobeba gridi sasa, na jotoardhi hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wote. Maji yameshuka hadi karibu robo. Upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo ya megawati 310, uliunganishwa kwenye gridi mwishoni mwa mwaka 2018, na jua la Garissa, megawati 50, mwaka uliofuata. Mtu aliyeona mabadiliko haya kwenye karatasi angesema kwamba kazi ya maji imekwisha. Mimi naona kazi yake ndiyo kwanza inaanza, ila ni kazi nyingine.

Tazama jioni ya kawaida. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu, sola zote zikiwa zimekwisha kazi. Kuanzia saa moja hadi saa tatu na nusu, Nairobi na miji mingine hurudi nyumbani kwa pamoja: taa, televisheni, pasi za nguo za kesho, shawa za umeme, majiko kwa wachache wenye nayo. Hicho ndicho kilele cha mahitaji, ambacho sasa kimepita megawati 2,300, na mwaka 2025 Rais mwenyewe alikiri hadharani kwamba baadhi ya maeneo hukatiwa umeme kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Saa nane za usiku hali hugeuka kabisa. Watu wamelala, upepo wa Turkana unavuma kwa nguvu zaidi, mvuke wa Olkaria hauna mahali pa kwenda, na kuna usiku ambapo sehemu yake huachiliwa hewani huku mitambo ya upepo ikiamriwa ipunguze. Mvuke hauna breki ya haraka, na upepo hauitiki wito. Maji yanaitika. Mlango wa maji hufunguliwa, mtambo huanza kutoa umeme katika dakika chache, na hufungwa vilevile. Zaidi ya hayo, mtambo wa maji unaweza kujiwasha gridi yote ikiwa imezima, bila kuhitaji umeme kutoka kwingine, na ndiyo sababu baada ya giza la nchi nzima mitambo ya aina hii huwa miongoni mwa ya kwanza kuitwa.

Tarehe 6 Septemba 2024 ilituonyesha upande wa pili wa jambo hili. Laini iliyokuwa ikileta megawati 288 za upepo kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilikatika, laini ya kutoka Ethiopia ikafuata, na zaidi ya robo ya umeme wote uliokuwa ukitumika ikapotea papo hapo. Sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani. Kadiri tunavyoongeza upepo na jua, ndivyo tunavyohitaji kitu kinachoweza kuziba pengo la ghafla, na kwa sasa, mbali na betri ambazo bado hatuna kwa wingi, kitu hicho ni maji yaliyotulia nyuma ya ukuta wa zege. Mita ya ujazo inayopitishwa mitamboni saa nane usiku wakati mvuke unamwagwa ni mita ya ujazo iliyopotezwa. Ingesubiri saa moja jioni. Ndiyo sababu ninaunga mkono mpango wa KenGen, kampuni inayozalisha umeme, wa kuweka sola ya megawati 42.5 katika eneo la Seven Forks: mchana jua lifanye kazi, maji yakae, jioni yafunguliwe kwa laini zilezile ambazo tayari zipo. Ni mradi mdogo usiovutia wapiga picha, na labda ndiyo maana hausemwi sana.

Sasa nirudi kwa wapinzani, kwa sababu hoja zao ni nzito na sipendi namna zinavyopuuzwa na wahandisi. Tume ya Dunia kuhusu Mabwawa, iliyoongozwa na Kader Asmal wa Afrika Kusini, ilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2000 kwamba mabwawa makubwa yalikuwa yamehamisha watu kati ya milioni 40 na milioni 80 duniani. Kuhusu hewa chafu, mimea inayozamishwa katika nchi za joto huoza bila oksijeni na kutoa gesi ya methani. Bwawa la Balbina nchini Brazil lilifunika zaidi ya kilomita za mraba 2,000 za msitu wa Amazon kwa ajili ya mitambo ya megawati 250, na hakuna anayelitaja tena kama mfano wa kuigwa. Masinga, katika nyika kavu ya vichaka, si Balbina, na sidhani methani ndiyo hoja yetu kubwa.

Hoja yetu kubwa iko sehemu za chini za mto. Wapokomo walilima kwa kufuata mafuriko ya Tana, wakipanda mpunga na migomba kwenye ardhi iliyoachwa na maji, na Waorma walishuka na ng'ombe wao kwenye malisho ya delta wakati bara limekauka. Mafuriko hayo ya misimu miwili ndiyo yaliyorutubisha delta, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mabwawa ya juu yameyapunguza na kuyabadilisha majira yake, huku tope lililokuwa likifika huko likibaki Masinga na Kamburu. Halafu, mvua zikizidi, watu haohao wa chini hupata yasiyozuilika, kama walivyoyapata Aprili na Mei 2024 mabwawa yalipofurika na Garissa na Tana River zikafunikwa. Hapa kuna mgongano ambao matangazo ya maendeleo huupita kimya: bwawa la kuzuia mafuriko linatakiwa kuwa na nafasi tupu, na bwawa la umeme linatakiwa kujaa. Bwawa lilelile haliwezi kuwa yote mawili mwezi wa Aprili, na anayeamua ni yule anayeuza umeme.

Kuna pia maji tunayoagiza kwa waya. Novemba 2022 Kenya ilianza kununua megawati 200 kutoka Ethiopia kupitia laini ya zaidi ya kilomita 1,000 inayoishia Suswa, na umeme wa Ethiopia karibu wote ni wa maji. Bwawa la Gibe III, la megawati 1,870, lipo kwenye Mto Omo, mto uletao takriban asilimia 90 ya maji ya Ziwa Turkana. UNESCO iliziweka hifadhi za ziwa hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2018. Ni haki kusema kwamba ziwa halikukauka kama ilivyohofiwa. Mvua zililipandisha hata likameza baadhi ya makao ya kingoni. Lakini kupanda kwa ziwa hakujarudisha yale mafuriko ya msimu ambayo wakulima wa Omo waliyatumia kupanda na samaki waliyatumia kuzaana. Umeme huo ni wa bei nafuu, unatufaa, na sioni tukiuacha. Ila anayesema kwamba Kenya imeacha kutegemea maji ahesabu na hayo.

Jambo ninaloliona ni la dharura kuliko yote halihusu mitambo. Nenda Thika mwezi wa Aprili, usimame karibu na maporomoko ya Chania baada ya mvua ya usiku. Maji yanayoanguka hapo yana rangi ya chai ya maziwa, mazito, yakibeba mizizi, mabua ya mahindi na chupa, na ukichota kwenye glasi na kuiacha kwa muda utaona udongo mwekundu umetulia chini. Huo ni udongo wa mashamba ya miteremko ya juu, ardhi iliyogawanywa na kugawanywa tena hadi watu wakalima kufikia ukingo wenyewe wa mto. Mwisho wa safari yake ni Masinga, ambako maji husimama na udongo huzama, na kila tani inayozama inachukua nafasi ya maji ambayo yangesubiri jioni. Wangari Maathai alipiga kelele kuhusu misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kwa miaka mingi, na waliomsikia walidhani anazungumzia miti tu.

Ukifungua mchanganuo wa malipo ya tokeni zako utaona ada ndogo sana iliyoandikwa WRA, senti chache kwa kila uniti. Hiyo hukusanywa kwa ajili ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji kutokana na umeme wa mitambo ya maji. Naipenda ada hiyo, kwa maana ndiyo mahali pekee ambapo bili ya Nairobi inakiri kwamba mto upo. Hata hivyo mkulima wa Gatanga au Kangema anayechimba mitaro, kupanda nyasi za mabingobingo kwenye kontua na kuacha mita kadhaa kando ya mto bila kulima, anatufanyia kazi ambayo hatumlipi ipasavyo. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ulioanzishwa mwaka 2015, umeonyesha namna: wanaotumia maji chini huchangia, na wakulima wa juu husaidiwa kwa miche, matuta na vidimbwi vya kuvunia mvua. Ningependelea ada ya WRA iongezwe hata mara tatu, mradi nyongeza hiyo ifike moja kwa moja kwenye miteremko hiyo na isiishie maofisini. Tungeihisi kidogo sana kwenye tokeni.

Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu mabwawa mapya makubwa ni mkali kuliko ule wa kuhusu yaliyopo. High Grand Falls, lililopangwa kwa miaka mingi chini ya Kiambere kwenye mpaka wa Tharaka Nithi na Kitui, lingebeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 5, zaidi ya mara tatu ya Masinga. Watetezi wake husema litazuia mafuriko, litamwagilia mashamba na kutoa megawati mamia kadhaa. Huenda yote hayo yakawezekana, ingawa nimekwisha kusema kwamba malengo hayo hugombana. Kabla ya senti moja kutengwa, ningetaka wakazi wa Garissa, Hola na delta wapewe kwa Kiswahili, na kwa lugha zao, waraka mmoja unaoonyesha ni maji kiasi gani yatawafikia mwezi kwa mwezi katika mwaka wa mvua nzuri, na katika mwaka kama 2009. Waraka huo ujadiliwe kwao, si hotelini Nairobi, na nakala yake iwekwe mahakamani ili siku maji yasipofika wawe na cha kushika mkononi.